Nyapara wa Kuku

Tulimzika Bibi Gaudensia Jumamosi, kule Idete. Nilikaa kwenye mkeka wa wanaume na sahani yangu ya wali na maharage, nikijitahidi kuonekana mtu mwenye huzuni ya kawaida. Huzuni yangu haikuwa ya kawaida. Marehemu hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu, lakini kuna mwaka aliniamini kuliko alivyomwamini padri, kwa sababu ya koti jeupe ambalo hata halikuwa langu. Mzee mmoja aliyekaa pembeni akaniuliza, "Wewe ni wa upande gani wa familia?" Nikamjibu, "Upande wa mayai." Akacheka mpaka maharage yakampalia. Ndivyo nilivyozoeleka bonde zima hili: nikisema kweli watu wanacheka, nikitania wanaamini. Baadaye akapita binti mwenye ndoo na jagi, ananawisha watu mikono, tumbo limetangulia mbele, mimba kama ya miezi saba. Akanimiminia maji, akaniangalia. "Ni wewe Dokta Mayai?" Nikasema nilikuwa. "Mimi ni Gaude, wa Odilo na Skola. Bibi ameniachia maneno yako. Nitakuja mjini." Akaenda kwa mzee wa maharage, na mimi nikabaki na mikono inayodondosha maji, nimerudi nyuma miaka ishirini na kitu bila nauli.

Ukoo wangu nauruka. Wazazi walikuwepo, shule ilikuwepo, mimi ndiye sikuwepo. Niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza. Nilitoka likizo ya Pasaka nikasahau kurudi. Nikaenda kukata miwa misimu miwili, nikarudi Ifakara na panga, kovu la goti na baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyonipa kazi. Dokta Leokadia, mwanamke wa upande wa Mahenge, mrefu, mwenye sauti ya chini kama anaongea na mtu aliyelala, alikuwa amerudi kutoka masomoni nje na hadubini mbili alizozifunga ndani ya mablanketi. Alikodi ghala la zamani la mpunga nyuma ya soko, akapaka chokaa, akaweka mashine ya kutotolesha vifaranga, na akawa anatafuta mtu wa kumletea mayai ya kienyeji kutoka vijijini, yaliyotagwa siku hiyo hiyo, kutoka kwa kuku wanaotembea na jogoo. Akaniuliza, "Unaweza kutoka Idete na mayai arobaini usivunje hata moja?" Nikasema naweza. Safari ya kwanza nilivunja kumi na moja. Hakunigombeza. Aliyakaanga, tukala, akasema, "Kesho weka pumba chini na pumba juu, na usipige kengele ya baiskeli kama unaenda harusini."

Mpaka leo nikifumba macho naliona lile ghala. Pumba za miaka na miaka zilikuwa zimejificha kwenye nyufa za dari, upepo ukivuma zinashuka taratibu kwenye mwanga, kama vumbi la dhahabu la maskini. Harufu ilikuwa ya mpunga na dawa, vikichanganyika. Ile mashine ilikuwa inanguruma mfululizo, ngurumo laini ya mtu aliyeshiba na kulala, na ndani yake mayai yamepangwa, kila moja na alama yake ya mkaa. Alama hizo ni za akina mama wa Idete; kila mmoja huwekea mayai yake alama yake, huyu nukta, yule msalaba, mwingine mistari miwili, ili ya kutotolesha yasije yakaingia kwenye kikaango, na ya fulani yasidaiwe na fulani. Dokta aliyaacha hivyo hivyo, akawa anaandika kwenye daftari lake kubwa: msalaba, saa thelathini na tatu; nukta, saa thelathini na tatu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu hizo saa na kumwita zikitimia. Mchana mama ntilie alituletea wali na perege kwenye hotipoti, Dokta anakula kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto unazungusha kirungu cha hadubini, jicho moja kwenye samaki, jingine huko kwenye dunia ndogo. Sijui alikuwa anakwepaje miiba.

Siku ya kwanza aliponiruhusu kuchungulia niliona giza, kumbe nilikuwa naziona kope zangu mwenyewe. Nilipotulia, kikatokea kitu. Kilikuwa kirefu, chembamba, angavu kama ute, kimevimba upande mmoja, na kwenye ule uvimbe kuna mkanda wa zambarau. Zambarau kabisa, ile ya tunda, inayobaki kwenye ulimi. Nilikaa hapo nadhani muda mrefu kwa sababu chai yangu ilipoa.

"Unaona nini?" Dokta akauliza.

"Kamba iliyovimba, Dokta. Imechovywa zambarau."

"Huo uvimbe ni ubongo. Yai limekaa kwenye joto siku moja na nusu tu. Na hiyo rangi nimeiweka mimi. Inashika pale tu ambapo jeni moja inafanya kazi saa hiyo."

"Jeni moja ndiyo inatengeneza ubongo?"

"Hapana. Seli zote hapo zina jeni zilezile, maelfu. Ila kuna jeni chache ambazo kazi yake ni kuziamrisha nyingine. Wewe washa, wewe zima. Hapa pawe ubongo wa kati, pale pawe wa nyuma. Hii ya zambarau ni mojawapo."

Nikafikiri kidogo, jambo ambalo sikulizoea. "Kumbe nyapara."

"Nini?"

"Nyapara, Dokta, wa kwenye miwa. Hakati hata muwa mmoja. Anafika na fimbo, anachora mstari chini, nyie mtaanzia hapa, nyie mtaishia pale. Jioni shamba zima limelala, yeye hata jasho hana."

Dokta akaweka kijiko chini. Akanitazama vile ambavyo mwalimu hakuwahi kunitazama hata siku moja. "Na wakikutana manyapara wawili mpakani?" akauliza.

"Wanasukumana. Mpaka unakaa pale nguvu zao zinapolingana."

"Ndivyo ilivyo humo ndani," akasema. "Hivyo hivyo kabisa." Kuanzia siku hiyo kwenye daftari lake, pembeni ya majina ya kisomi ambayo mimi nilikuwa nayaona kama namba za magari, akawa anaandika kwa penseli: nyapara wa mbele, nyapara wa mpaka. Nilitembea mjini wiki nzima nikiwa nimevimba kama ile kamba.

Kulikuwa na jambo jingine alilonieleza, na hilo alilieleza akiwa hanitazami. Ubongo mwanzo wake ni kama jamvi lililotandikwa. Manyapara wakishatoa amri, kingo mbili za jamvi zinaanza kunyanyuka, zinatafutana kwa juu, zinakutana, zinashikana, jamvi linakuwa bomba. Nikauliza zikikosa kukutana je. "Kichwani zikikosa kukutana, kichwa hakifungi," akasema. "Hata kwa watu. Mtoto anazaliwa hana utosi, hana fuvu la juu. Hakai." Akafunika sahani ya kioo taratibu. "Ndicho ninachotafuta. Nani alipaswa kuamrisha, na kwa nini hakusikilizwa." Nikasema pole, kama vile ni yeye aliyefiwa. Nikarudi kuosha vyombo.

Idete nilikuwa naenda mara mbili kwa wiki, natoka kabla jua halijashika. Wakati wa masika, barabara ile ilikuwa ndoto. Maji yalikuwa yamelala kwenye majaruba ya mpunga kulia na kushoto, milima ya Udzungwa imesimama huko mbali na pia imelala kichwa chini ndani ya maji, ukungu katikati, na mimi juu ya baiskeli nikikata mawingu ya juu na ya chini. Mara nyingine nilikuwa sijui kama naendesha au naota kwamba naendesha, mpaka shimo linikumbushe. Na nilikuwa nimevaa koti. Dokta alikuwa na makoti mawili meupe, moja akaniazima la kufanyia usafi, akanikataza kutoka nalo nje. Nikilivua ghalani, nalikunja chini ya kikapu, nikifika darajani nalivaa. Linapepea nyuma, jeupe, mimi mwembamba juu ya baiskeli. Nilikuwa nafanana na yangeyange aliyepata kazi serikalini. Idete nzima ikalisahau jina langu la Zaka, ikaniita Dokta Mayai, na sikumrekebisha mtu.

Mayai yalikuwa yanakusanywa kwa Odilo, mwenzangu wa kwenye miwa. Mke wake, Skola, msichana wa kijiji cha Kisawasawa mwenye kucheka kwa kuficha meno, ndiye aliyezunguka kwa akina mama na kikapu. Walikuwa wanaishi na mama yake Odilo, Bibi Gaudensia, mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, aliyekuwa anasikia kila kitu na kucheka hakuna. Mwaka uliotangulia walikuwa wamepoteza mtoto siku ya kuzaliwa. Odilo aliniambia hivyo tu, "tulipoteza," na mimi kwa ustaarabu wangu wa kidato cha pili kasoro sikuuliza zaidi. Nilipiga utani, tukaongelea mpira.

Sasa ikaja wiki ambayo mayai yaliadimika. Nesi wa zahanati alikuwa amewaambia wajawazito wale yai kila siku, na wanawake wa Idete, ambao toka enzi za mabibi zao walikuwa wanakatazwa yai wakiwa na mimba, eti mtoto atatoka kipara, wakaanza kuyaonja wakayapenda. Kikapu kikarudi na mayai kumi na manne. Dokta alitaka arobaini. Nikaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako wanawake wanangojea zamu wamekalia magunia, nikasimama mlangoni na koti langu, nikaweka mikono mifukoni.

"Akina mama, shikamooni. Mnajua ndani ya yai kuna nini?"

"Marahaba. Kuna kiini!"

"Kuna nyapara. Nyapara wa kuku. Mimi nimemwona kwa macho yangu kwenye hadubini, ni wa zambarau. Kazi yake ni kutoa amri: hapa mdomo, hapa manyoya, kichwa kiwe kidogo. Sasa mama mjamzito ukimla, anateremka, anamkuta mwanao amelala zake. Na yeye amri anazozijua ni za kuku tu!"

"Mungu wangu! Kwa hiyo atataga?"

"Akifika darasa la nne."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye gunia. Wiki hiyo nilirudi na mayai hamsini na mawili, nikiimba njia nzima, maji huku na huku yananiitikia. Sikumwona Bibi Gaudensia, aliyekuwa nyuma kabisa, amekaa kwenye rundo la pumba, hajacheka.

Zikapita wiki tatu. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, nilikuwa jikoni kwa Skola, jiko la nyasi na ukuta wa mabua yaliyokandikwa udongo nusu, nimewekewa wali na kambale mkavu aliyeungwa kwa karanga. Nikikumbuka ule wali, mate yananijia hata sasa, halafu aibu inayafuata. Skola alikuwa amechuchumaa karibu na mafiga, anageuza samaki. Nyuma ya ukuta, uani, Bibi Gaudensia alikuwa anaongea na mwanawe, na ukuta wa mabua hauzuii neno.

"Nilisema toka mwanzo. Alikula mayai. Niliyakuta maganda."

"Mama, nesi ndiye alimwambia ale."

"Nesi hakumwona mtoto. Mimi nilimwona. Nilimfunga kanga kichwani kabla hujaingia. Juu kulikuwa wazi, Odilo. Wazi. Na sasa hata huyu wa maabara, msomi, mwenzako, amesema mbele ya watu: nyapara wa kuku anaharibu kichwa cha mtoto."

"Zaka? Zaka anatania, mama."

"Mtu havai koti lile akatania. Jumapili baada ya misa wazee wanakaa. Arudi kwao Kisawasawa, akapumzike."

"Akapumzike mpaka lini?"

Nilirudisha tonge kwenye sahani. Skola alikuwa anaendelea kugeuza samaki aliyeshaiva zamani. Halafu akaongea, kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

"Shem, ni kweli huyo nyapara ulimwona?"

Nikasogeza sahani pembeni.

"Nilikula mawili," akasema. "Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Niliyachemsha nikala nyuma ya nyumba, nimesimama. Mawili tu, shem. Niambie tu kama ni hayo, nijue. Nikijua nitaondoka mwenyewe, hawana haja ya kukalia viti."

Hapo mwanaume angesema, shemeji, nilikuwa najifurahisha, sijui lolote. Mimi nikasema, "Ngoja nimuulize Dokta." Nikabeba kikapu changu nikaondoka, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

Sikumuuliza Jumatano. Alhamisi nilideki ghala mara tatu. Nilijua nikifungua mdomo itabidi nieleze nilivaa nini, nilisimama wapi na nilimnukuu nani, na kazi ile ndiyo ilikuwa kitu pekee maishani ambacho sikukiacha katikati. Nilikuwa napanga mayai kwenye mashine, naona ile alama ya Skola, vistari viwili vya mkaa vinavyoinamiana juu, havijagusana. Miezi yote hiyo nilikuwa naviona. Nilishasikia kwa akina mama kwamba zamani alikuwa anachora mistari sambamba kama watu, halafu toka mwaka uliopita akaanza kuinamisha. Labda mkono tu. Labda mimi ndiye naota. Ijumaa saa nne, Dokta akiwa anakula muhogo, nikamwambia yote, mpaka lile la darasa la nne.

Hakucheka. Pumba mbili tatu zikashuka kutoka darini zikatua kwenye muhogo wake.

"Vua koti."

"Nimeshavua, Dokta. Limetundikwa pale."

"Vua tena."

Nikaenda, nikalivaa, nikalivua mbele yake, nikalitundika. Nilijiona mjinga kiasi kinachostahili. Ndipo akasema, taratibu, "Toka mwaka uanze nimeinama hapa natafuta kwa nini kichwa hakifungi. Na kuna mama aliyemzaa mtoto wa namna hiyo, ananichagulia mayai kwa mkono wake, na wewe unakula kwake kila wiki."

"Sikujua, Dokta. Sikuuliza."

"Na mimi sikuuliza." Akafuta muhogo. "Kesho walete wote wawili. Bibi hasa."

Bibi Gaudensia alikubali kuja, kwa sababu aliniamini. Alipanda pikapu ya mpunga, akakalia gunia kama askofu, Skola upande wa pili, mimi katikati na kikapu. Akaniuliza mara moja tu, "Koti liko wapi?" Nikasema limefuliwa. Maji ya majarubani yalikuwa yametulia siku hiyo, na sote watatu tukayatazama ili tusitazamane.

Dokta alimwamkia shikamoo, halafu wakasalimiana Kipogoro, salamu ndefu ile inayopitia ng'ambo yote ya mto, nyumba kwa nyumba. Akawapa chai kwanza. Halafu akapanga sahani tatu za kioo, akamkalisha Skola kwenye stuli. "Huyu jamvi bado limetandikwa," akamwambia. "Huyu kingo zimenyanyuka. Huyu zimeshikana." Skola akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya pili, akakaa hapo. Mashine inanguruma. Mwanga wa darini ulikuwa umemwangukia shingoni.

"Zinatafutana," akasema.

"Ndiyo. Yale mayai ulikula mimba ikiwa ya muda gani?"

"Miezi mitano."

"Kwa binadamu, huku kushikana kunakwisha kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Wewe hapo hujui hata kama una mimba, unadhani umechelewa siku zako. Ulipochemsha yale mayai, kazi hii ilikuwa imeshafungwa au imeshakosa kufungwa miezi minne nyuma. Hakuna ulichokula mwezi wa tano kinachoweza kurudi kuibomoa. Na yai ukilila linasagika tumboni kama wali. Hakuna nyapara anayepona humo." Hapo akanitupia jicho, na mimi nikaangalia dari.

"Sasa kwa nini hakikufunga?"

"Sababu zote sizijui. Mara nyingine mwili wa mama umepungukiwa kirutubisho fulani. Kipo kwenye maharage, kwenye mboga za majani, hata kwenye mayai kipo kidogo, na vidonge vyake vipo, unaanza kumeza kabla ya kubeba mimba. Mara nyingine amri zenyewe zimeteleza, bila mtu kukosea. Si kitu ulichofanya wewe, Skola."

Skola hakulia. Aliinuka, akampisha mama mkwe. Bibi Gaudensia akafungua kitambaa cha kichwani, sijui kwa nini, akakiweka magotini, akainama. Nilimwelekeza asiangalie kope zake, ndiyo elimu pekee niliyokuwa nayo. Akaangalia. Akaangalia mpaka nikaanza kuhesabu mayai kimoyomoyo.

"Wa kwangu wa tatu alikuwa hivi," akasema, jicho bado liko pale. "Kabla ya Odilo. Mama mkwe alimfunga kanga, akaniambia nisimwambie mtu, hata baba yake. Na mimi yai sikula. Sijala yai hata moja maisha yangu yote." Akainua kichwa. "Nilitaka sababu iwe mayai."

Bibi akajifunga kitambaa upya, akakikaza, na kwa mara ya kwanza nilimwona anamtazama Skola usoni.

"Ulimpa jina?"

"Kimoyomoyo, mama."

"Na mimi," akasema Bibi.

Jumapili sikuwepo. Odilo alinisimulia kwamba wazee walikaa, wakakohoa, na mama yake akasimama mlangoni na mwiko. Akawaambia, "Kikao hakuna. Kuna wali." Wakala, wakaaga.

Adhabu yangu Dokta aliipanga mwenyewe: nirudi kwenye mashine ya kukoboa, pale pale mlangoni, bila koti, niseme nilidanganya. Nikaenda. Nikasema akina mama, lile la nyapara wa kuku nililitunga, kuleni mayai. Wakacheka kuliko mara ya kwanza. "Mwacheni, huyo amefukuzwa kazi!" "Koti wamemnyang'anya, maskini!" "Kidato cha pili umemaliza lini wewe?" Uongo nilikuwa nimeusema nimevaa koti, na ukweli ulinibidi niuseme na shati lililotoboka kwapani. Wiki iliyofuata nikarudi tena. Wiki ya tatu nikaja na sufuria, nikachemsha mayai pale pale, nikaweka kachumbari, nikawapa wajawazito bure, na Bibi Gaudensia akaja akakaa kwenye gunia la mbele, akamenya moja mbele ya macho ya kijiji, akalila lote, uso umekunjamana kama anameza kwinini. "Halina kitu," akatangaza. Hilo ndilo lililowaingia. Na mimi nikagundua kwamba watu wanaweza kulipia mayai yenye kachumbari. Biashara yangu ya chipsi mayai, ambayo leo iko karibu na stendi hapa Ifakara, ilianza kama kitubio.

Mwaka ulipoisha mradi wa Dokta ukaisha. Alifunga hadubini zake kwenye mablanketi yaleyale, akaenda kufundisha chuoni, mbali. Ghala likarudi kuwa la mpunga. Nikipita sasa nasikia harufu moja tu, ile nyingine imeondoka. Aliniachia picha kubwa ya yule wa zambarau, na nyuma yake ameandika kwa penseli, nyapara wa mpaka. Nimeitundika kibandani juu ya karai. Wateja wengi wanadhani ni ramani ya mto.

Skola alimeza vidonge vyake miezi mitatu kabla ya kubeba mimba tena, na miezi yote ya mwanzo. Gaude alipozaliwa, Bibi alimleta mjini mwenyewe, amemfunika, akanishika mkono akauweka juu ya kile kichwa kidogo chenye joto. "Papasa. Kimefunga?" Nikapapasa, vidole vikafika katikati, vikazama kidogo, kukawa kunadunda. "Bibi!" nikapiga kelele. "Hapa kuko wazi!" Akanipiga kofi la bega. "Mjinga. Huo ni utosi. Hata wewe ulikuwa nao, labda haukufunga." Na akacheka. Miaka yote niliyomjua, ni mara hiyo tu nilimsikia.

Gaude alikuja Jumatano baada ya mazishi, saa saba, jua limewaka, bodaboda zinapiga honi. Akakaa kwenye benchi, akaweka mkono mgongoni kama wanavyoweka wajawazito, akaagiza chipsi mayai. Nikamuuliza Bibi aliacha maneno gani.

"Alisema nikiwa na mimba nije hapa, unikaangie mawili. Na alisema," akajizuia kucheka, akificha meno kama mama yake, "usinieleze chochote."

Nikavunja mawili. Nikayapiga, nikamimina juu ya chipsi, yakatandaa kama jamvi, kingo zikaanza kunyanyuka. Nikazikunja juu, zikashikana. Nikampa na kachumbari. Alikuwa ameshachukua tonge la kwanza alipoinua macho ukutani, juu ya karai.

"Baba, huu ni mto gani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Kula kwanza," nikamwambia.